Bendera Inafumuliwa, Haikatwi

Bendera haikatwi. Inafumuliwa. Hiyo ndiyo kanuni ambayo Léoncie Kavugho, fundi wa kushona wa kartie yetu, yaani mtaa wetu, hapa Goma, aliirithi kwa mama yake na kuishika maisha yake yote. Ukimpelekea bendera iliyochanika, hagusi mkasi wala wembe. Anakaa mlangoni pa nyumba yake ya mbao, anavaa miwani, anatoa mshono mmoja mmoja kwa ncha ya sindano mpaka kipande kiachie chenyewe. Mafundi wenzake wa sokoni wanamcheka. Wao wakiletewa bendera ya zamani wanakata sehemu iliyo nzima na kuishonea mifuko ya suruali. Sheria inakataza kudharau bendera, lakini sijasikia fundi aliyeulizwa habari za mifuko. Ndiyo maana ninaona inafaa kumwandika mtu aliyeshika kanuni mahali ambapo hakuna aliyemlazimisha.

Kanuni yenyewe ilianza na kitambaa kimoja. Baba yake, Evariste, alikuwa planto katika ofisi ya Serikali kule Lubero, yaani mtu wa kufagia, kupeleka barua na kupandisha bendera kila asubuhi. Ilikuwa bado bendera ya Wabelgiji: bluu iliyokolea, na nyota moja kubwa ya njano katikati. Uhuru ulipokaribia mwaka 1960, ilikuja habari kwamba bendera ya Kongo huru itabaki na bluu ileile na nyota kubwa ileile, ila upande wa mlingoti zitapangwa nyota sita ndogo, moja kwa kila jimbo. Bendera mpya yenyewe haikufika Lubero. Evariste akapeleka ya zamani nyumbani, na mke wake Eugénie akashonea nyota sita kwa mkono. Kitambaa kilichoshuka jioni kikiwa cha Mbelgiji kilipanda asubuhi kikiwa cha Mkongomani.

Kuna watakaosema hiyo ni aibu. Mimi siioni. Nchi nzima ilifanyika hivyohivyo: mipaka ilikuwa ileile na barabara zilezile, na juu yake tukaongeza matumaini.

Ilipita miaka mitatu tu, wakubwa wa mji mkuu, Léopoldville, wakageuka. Majimbo sita yalikuwa yamegawanywa vipande vipande, na nyota sita hazikuhesabu tena kitu chochote. Sasa ilitakiwa nyota moja ndogo kwenye kona ya juu, na mkanda mwekundu unaopita mshazari, wenye pindo za njano. Watu wa ofisi walielezwa kwamba nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, njano ni utajiri wake, nyota ni umoja, na bluu ni matumaini. Evariste alimletea mke wake mkasi. Eugénie aliusukuma kando.

“Hawa watu wa Léopoldville watageuka tena,” alisema. “Nikikata leo, siku hiyo nitashonea wapi?”

Akafumua nyota zote kwa ncha ya sindano, akaziweka, ndipo akashona mkanda. Kwa hiyo kanuni haikuanza kwa heshima kubwa. Ilianza kwa tahadhari ya mwanamke asiyependa kupoteza kitambaa kizuri. Heshima ilikuja baadaye, kwa kuwa mtu hawezi kukaa siku nzima ameinamia kitu, akitoa uzi bila kukidhuru, halafu akaendelea kukidharau.

Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na bendera ikawa ya kijani, yenye duara la njano na mkono ulioshika mwenge. Safari hii mpya ilifika ikiwa tayari, pamoja na amri: ya zamani ichomwe. Evariste hakuichoma. Eugénie alifumua mkanda, akakiweka kitambaa kati ya blanketi mbili, akazishona kwa mishono mirefu ya kulegea. Léoncie alikuwa mtoto. Yeye na ndugu zake walikua wakilala chini ya bendera bila kujua, na kila kiangazi blanketi lile lilifuliwa mtoni na kuanikwa juani kama blanketi la mtu mwingine yeyote.

Walihamia Goma, Evariste akafariki, Léoncie akaolewa na kujifunza mashine. Mei 1997 Zaire ikaisha, na bluu yenye nyota sita ikarudi. Eugénie, sasa bibi mwenye wajukuu, akafumua blanketi. Kitambaa kilipotandikwa mezani, matundu ya sindano yake ya mwaka 1960 yalikuwa bado yanaonekana. Akarudisha nyota kubwa na zile sita palepale, tundu kwa tundu. Shule ya msingi ya jirani haikuwa na bendera, wakaiazima hiyo. Januari 2002, mlima ulipomwaga moto mjini, Léoncie alikimbilia shuleni kuishusha kwanza, ndipo akarudi kwake kuokoa godoro na vyombo, akakuta njia imefungwa. Marehemu mume wake alililalamikia lile godoro mpaka siku zake za mwisho.

Mwaka 2006 tukapata katiba mpya na bendera tuliyo nayo: mkanda mwekundu umerudi, nyota moja imerudi kwenye kona, na bluu sasa si ile nzito, ni bluu ya mbingu. Tuliambiwa kwamba bluu hii ni amani. Shule ikapewa yake mpya na kurudisha ya Léoncie, na hapo Léoncie na mama yake walicheka mpaka wakakaa chini. Jua la Lubero, sabuni ya mtoni na miaka tisa ya mvua ya Goma vilikuwa vimekichujua kitambaa chote. Kilikuwa kimefika chenyewe kwenye bluu ya mbingu, kabla Serikali haijaiandika. Eugénie akatoa nyota sita na ile kubwa, akashona mkanda kwa mara ya mwisho, akamkabidhi binti yake. Alikufa mwaka uliofuata. Léoncie alipanga kumpa naye binti yake Rosine, anayeshona pia, ili siku nchi itakapogeuka tena kuwe na mtu wa kufumua.

Sasa nifike kwenye Juni 2022.

Vita ilikuwa imekaribia. Watu wa Kibumba walikuwa wanateremka na magodoro yao kichwani, wengine wakilala kwenye mashule ya Kanyaruchinya, na mjini kila mtu alikuwa anamtafuta adui kwenye uso wa jirani. Kila mwaka mwezi huo Léoncie hufua bendera yake na kuikagua kabla ya sikukuu ya uhuru ya tarehe thelathini. Safari hii aliona kwamba kitambaa chekundu cha mkanda kimeoza. Akakifumua, akafumua na nyota, akaanika bluu peke yake kwenye kamba mbele ya nyumba.

Alikosea hapo. Chini ya kila nyota iliyowahi kushonwa, jua halikuwa limefika. Kwa hiyo kitambaa kilichoning'inia kwenye kamba kilikuwa na nyota kubwa ya bluu nzito katikati, nyota sita ndogo upande mmoja, na kivuli cha mkanda kilichozikata kwa mshazari. Hakuna nchi yenye bendera kama hiyo. Na hapa kwetu, mtu akiona bendera asiyoijua anawaza jambo moja tu: kikundi chenye silaha.

Aliyeiona alikuwa Constant, motari wa kwenye kona yetu, anayebeba abiria kwa pikipiki yake nyekundu. Mdogo wake alikuwa askari upande wa Kibumba, na simu yake ilikuwa haipatikani. Constant alisimamisha moto, yaani pikipiki hiyo.

“Mama Rosine, hii ni bendera ya nani?”

“Ya nchi,” Léoncie alijibu bila kuinua macho kwenye sindano.

“Nchi gani? Yetu iko na mukanda mwekundu. Hii iko na nyota saba. Nyeusi!”

“Si nyeusi. Ni kivuli.”

“Kivuli cha nani?”

“Cha zile za zamani.”

“Za zamani za nani, mama?”

Léoncie, ambaye hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, alimwonyesha kwa kidole mkanda uliooza pale chini ya kiti. Hilo lilikuwa kosa la pili. Constant aliuona ule wekundu uliofumuliwa, akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani.

“Ametoa damu! Mukuje muone! Ametoa damu ya ndugu zetu kwenye bendera!”

Watu walijaa uani kabla Rosine hajatoka jikoni. Wengi hawakuuliza chochote. Mwanamume mmoja nyuma alitaja tairi. Watu wa Goma wanajua tairi hutumiwa kumchomea mtu akiwa hai, na ninasema waziwazi kwamba anayelitaja bila kuuliza swali hata moja ni muuaji, hata kama siku hiyo hakumuua mtu. Rosine alisimama mbele ya mama yake na mwiko wa ugali mkononi. Léoncie alikitoa kitambaa kwenye kamba, akakikumbatia kifuani. Mtu alikivuta pembe.

“Usivute,” alisema. “Kitapasuka.”

“Yeye anaogopa kitambaa kupasuka!” walicheka. “Hajui kitakachopasuka leo!”

Hapo alitoka Munezero. Ni jirani wa ukuta mmoja na Léoncie, mwanamke wa kutoka milima ya Masisi, na nyumbani kwake wanasema Kinyarwanda, lugha ambayo siku hizo watu waliihusisha na waasi. Wiki hizo hakuwa anatoka hata kuchota maji, maana kwenye bomba walikuwa wanamuuliza ndugu zake wako upande gani. Alikuwa na kila sababu ya kubaki ndani. Alitoka.

“Mumupeleke kwa shefu,” alisema. “Kama ni mubaya, shefu atamuona.”

“Na wewe unatafuta nini hapa?”

“Natafuta shefu. Mukitaka, munipeleke na mimi.”

Sijui kama walimsikiliza kwa haki au kwa kuona wamepata wawili badala ya mmoja. Lakini wakaanza kutembea kwenda ofisi ya kartie, Léoncie katikati na kitambaa chake, Rosine amemshika kiuno, Munezero nyuma yao, na Constant anasukuma moto wake kando huku akieleza upya kwa kila aliyejiunga njiani. Kufika ofisini nyota zilikuwa zimeshakuwa kumi na mbili.

Shefu wa kartie ni Muzee Cyprien, mwalimu mstaafu, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Alisimama kwenye ngazi na kunyoosha mikono. Midomo yake ilicheza, lakini hakuna neno lililofika hata mstari wa mbele. Mawe madogo ya mlima, yale meusi ambayo hapa hayakosekani popote, yalikuwa tayari kwenye mikono ya watu.

Ndipo polisi wa ofisi akapiga firimbi. Saa ya kushusha bendera ilikuwa imefika.

Ambaye hajaishi kwetu anahitaji kuelezwa. Bendera ya ofisi ya Serikali ikipanda au ikishuka, kila mtu anayeiona anasimama pale alipo. Motari wanazima moto. Mwenye mzigo kichwani anabaki nao kichwani. Hakuna anayesema, hakuna anayekohoa, mpaka firimbi ya pili. Asiyesimama anakamatwa, na sisi sote tulifundishwa hivyo tangu shule ya msingi, wengine kwa fimbo. Ni kanuni ambayo vijana wengi wanailalamikia. Mimi, tangu siku hiyo, silalamiki.

Kila mtu aliganda. Constant aliganda na mkono wake juu, kidole kikimwonyesha Léoncie. Mwenye jiwe aliganda na jiwe. Léoncie alinyooka, miguu pamoja, kitambaa kifuani. Na kwa kuwa hakukuwa na ruhusa ya kutazama kwingine, watu wote walilazimika kuitazama bendera ya ofisi ikiteremka. Upepo ulikuwa umeila zaidi ya nusu. Mkanda mwekundu ulikuwa nyuzi zinazoning'inia. Nyota haikuwepo. Polisi aliishusha taratibu, kwa heshima yote, akaikunja, ikawa ndogo kama leso.

Firimbi ya pili ikalia. Hakuna aliyepiga kelele. Hasira yao ilikuwa imekatizwa, na hakuna aliyejua kuianza upya. Constant aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akaushusha.

Muzee Cyprien sasa alisikika.

“Constant, mwanangu. Hii ya ofisi, nani ameitoa damu?”

Constant aliitazama ile iliyokunjwa. “Upepo, shefu.”

“Basi tuufunge upepo.”

Mtu mmoja alicheka, kisha wa pili. Mwenye jiwe aliliachia nyuma ya mguu wake, kama mtu anayemwaga maji yasiyomhusu. Shefu aliteremka ngazi, akakipokea kitambaa, akakitandaza juu ya meza ya ofisi iliyotolewa nje. Alikitazama kwa muda mrefu, akakifuata kivuli cha mkanda kwa kidole kutoka pembe ya chini mpaka ya juu.

“Mama Rosine, unaweza kuimaliza hapa, mbele yetu?”

“Naweza, Muzee. Lakini kitambaa chekundu sina. Mkanda wa kwanza umeoza.”

Munezero aligeuka. Alirudi nyumbani kwake, akaja na rido yake, pazia la mlangoni, nyekundu, ndiyo kwanza mpya, na mkasi, pamoja na sindano, uzi, pindo na nyota alivyovikusanya mlangoni pa Léoncie. Rosine alisita kuushika.

“Kata,” Léoncie alimwambia. “Rido inakatwa.”

Wakashona, mama kutoka pembe ya chini, binti kutoka pembe ya juu, wakielekea katikati. Hawakuhitaji kupima, maana kivuli kiliwaongoza. Pindo za njano za zamani zilikuwa bado nzima, wakazirudisha. Umati uliokuja kuona mtu akiadhibiwa ulibaki kuona mtu akishona, na ulimi wa Goma hauwezi kukaa bure.

“Ile njano ndiyo utajiri?” mmoja aliuliza. “Mbona nyembamba hivyo?”

“Wewe hata huo mwembamba umeuona wapi?”

“Na hizi sita, ya Kivu ni gani?”

“Mama yangu hakuandika majina,” Léoncie alisema.

“Ni ya juu!”

“Ya juu iko wapi! Ni ya chini kabisa. Sisi tuko chini siku zote.”

Constant alikuwa amesogea mpaka mezani. Upepo wa ziwani ulikuwa unainua kitambaa, akakishika pembe, safari hii bila kuvuta.

“Nilikuwa na hofu, mama,” alisema kwa sauti ya chini. “Mudogo wangu haitike simu.”

“Hata mimi nilikuwa na hofu,” Léoncie alijibu. “Shika vizuri, usiliachie pindo.”

Nyota ilipokaa kwenye kona yake, giza lilikuwa limeanza kuingia. Shefu na polisi walikiinua kitambaa kwa pembe zake nne. Ilikuwa bendera ya Kongo na hakuna kingine, bluu ya mbingu, nyekundu ya rido ya Munezero, na ukitazama kwa karibu, nyota saba za kale chini yake. Wanawake wawili watatu walipiga vigelegele. Rosine alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akagundua kwamba amekalia ule mwiko wa ugali aliokuwa ameuweka pale, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Watu wakaondoka wakizungumza habari nyingine. Simsamehi mtu aliyetaja tairi, lakini naye aliondoka, na mikono yake ilikuwa mitupu, na kwa hilo tulishukuru.

Léoncie alianza kukunja kitambaa chake. Muzee Cyprien aliweka kiganja juu yake.

“Mama, hii kesho itapanda hapa.”

Rosine alisimama. “Muzee, hiyo ni ya bibi yangu!”

“Najua. Lakini ikirudi kwenye kamba ya nyumba yenu, kesho kutwa mwingine atapita, naye ataanza upya kama Constant. Ikiwa juu ya ofisi, nani atasema mama yako alikuwa anashona bendera ya adui?”

Léoncie alifikiri. “Itarudi siku moja, Muzee?”

“Bendera ikishapanda ofisini hairudi nyumbani kwa mutu. Wewe ni binti wa planto, unajua.”

Alijua. Baba yake aliivunja kanuni hiyo mara moja, mwaka 1971, na kwa uvunjaji huo kitambaa kiliishi. Kama Léoncie angekataa, nadhani shefu asingemlazimisha. Alimaliza kukunja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Asubuhi alikuja mapema na vazi lake la misa. Firimbi ililia. Constant, aliyekuwa amebeba abiria katikati ya barabara, alizima moto hapohapo huku abiria wake akilalamika kwamba amechelewa, naye akamwambia anyamaze. Kutoka upande wa bomba alionekana Munezero amesimama wima kabisa, bidoni la maji mkononi, miongoni mwa wanawake ambao wiki nzima walikuwa hawamsalimii. Kitambaa kilipanda polepole, kikajaa upepo. Léoncie alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo, na alipofika nyumbani alilala mpaka adhuhuri, jambo ambalo Rosine hakuwahi kuliona.

Msimu uliofuata wa mvua, upepo ulianza kuila bendera pembeni, kama ulivyoila ile ya kwanza. Léoncie hupita pale akielekea misani, na husimama firimbi ikilia.

Kwa kuwa hakuwahi kukikata, kitambaa kilibeba alama zote za kale, na alama hizo zilitaka kumuua, kisha zikaiongoza sindano iliyomwokoa. Aliyaokoa maisha yake. Kuokoka huko kulimgharimu kitambaa cha mama yake, na Rosine hatakuwa na cha kufumua siku nchi itakapogeuza bendera tena.